Eafoni za elfu hamsini au za laki nne? Nataka kusikia fidla ya baba

Mwalimu wa Mkuranga

Wadau, habari za jioni. Naomba mnishauri kabla sijatoa hela.

Naishi Mbagala, nafundisha sekondari Mkuranga. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, napandia gari Rangi Tatu, na jioni narudi kwa njia hiyohiyo. Ukijumlisha kusubiri na foleni, saa tatu za kila siku yangu zinaishia kwenye kiti cha daladala. Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikinunua eafoni za elfu tano pale kituoni. Zinakaa miezi miwili, upande mmoja unakufa, nanunua nyingine. Haikunisumbua, maana nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari na mawaidha tu.

Mwaka huu mambo yamebadilika. Marehemu baba alikuwa mpiga fidla wa taarab huko Tanga, miaka ya themanini. Kikundi chao hakikuwahi kuingia studio, kilipiga kwenye maharusi. Mjomba wangu alikuwa na redio kaseti yenye maiki, akawa anaiweka mbele yao juu ya kiti na kuwarekodi. Baba alitutoka mwaka 2009. Mwezi wa pili mama alikuwa anatoa nguo kwenye sanduku akazikuta kaseti 12 zimefungwa kwenye kanga. Nilimpelekea moja kijana mwenye duka la kutoa kopi, akanigeuzia ikaingia kwenye simu. Ni dakika 41.

Naisikiliza kila siku na baba simsikii. Namsikia mwimbaji, nasikia dumbaki, nasikia watu wanashangilia, lakini fidla iko kama nyuma ya pazia zito. Dakika ya 17 mwimbaji ananyamaza na mama ameniambia pale ndipo baba anapoingia peke yake. Mimi nikifika pale nasikia injini ya gari.

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu alinivalisha eafoni zake za laki nne ofisini, wenzetu wakiwa darasani. Fidla ikatoka! Nilikaa nikalia. Tangu siku hiyo sina raha. Laki nne kwangu ni hela ya kujipanga miezi minne. Kuna duka limeniambia wana za elfu hamsini na tano, za Kichina, waya wake unachomoka, na wanasema hazipishani na za laki nne. Nimezoea maneno ya wauzaji, kwa hiyo nakuja kwenu.

Tofauti iko wapi hasa? Na hiyo niliyoisikia ofisini, nitaisikia barabara ya Kilwa? Simu yangu bado ina tundu la pini. Za Bluetooth sizitaki, sina nguvu ya kuchaji kitu kingine.

Kivukoni Daima

Dada Mwalimu, pole sana kwa kumpoteza mzee. Salamu kutoka Likoni.

Mimi nimo katikati ya hizo bei zako mbili. Mwaka 2018 nilinunua Shure SE215, zilinigharimu kama shilingi elfu kumi na moja unusu za huku Kenya. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye mchezo wako huohuo, za mia tatu kila baada ya miezi mitatu. Watu huniambia nimeokoa pesa. Sikuokoa. Za mia tatu ni elfu moja mia mbili kwa mwaka, piga mara miaka sita ni elfu saba na mia mbili. Mimi nimetumia zaidi ya hapo, na waya nimebadilisha mara mbili. Nilichopata ni kwamba miaka yote hiyo nimesikiliza eafoni ileile moja na nimeizoea, naijua inavyosema.

Kitu kikubwa cha zile ni namna zinavyoziba. Waya unapita juu ya sikio, kipande chenyewe kinalala ndani ya sikio, halafu kuna vipira vya sponji unavyovibana kwa vidole mpaka viwe vyembamba, unaingiza, unangoja kama nusu dakika vifure. Vikishafura, honi ya feri inakuwa ya mbali. Ndani ya matatu nasikiliza nikiwa nimepunguza sauti hadi chini ya nusu. Zile za zamani nilikuwa nafungulia mpaka mwisho, na jioni masikio yanavuma.

Kwa hiyo mimi ningesema jikaze ununue nzuri mara moja. Laki nne zenu sizijui ni pesa ngapi huku, ila kama kuna ya kati, chukua ya kati.

Fundi Redio wa Aggrey

Mwalimu, pole na safari, na Mungu amrehemu mzee. Nina meza ya ufundi Kariakoo, mtaa wa Aggrey, tangu 1998. Nilianza na redio kaseti, sasa hivi kazi nyingi ni simu na hizi eafoni. Nitaandika kwa urefu, maana naona bei imetangulia mbele na mambo yenyewe yameachwa nyuma.

Nikuulize kwanza kuhusu pale ofisini. Palikuwa kimya, umesema wenzako walikuwa madarasani. Vipira vya mwenzako vilikuwa vya sponji au vya mpira? Na sauti alifungulia yeye au wewe? Nauliza hivyo kwa sababu zako umezisikia kwenye daladala na zake umezisikia kwenye chumba kimya. Hapo hujapambanisha eafoni na eafoni, umepambanisha gari na ofisi. Halafu sikio la binadamu lina tabia moja: kati ya vitu viwili, chenye sauti ya juu kidogo tu kinaonekana ndicho kizuri, hata kama hakikuzidi chochote kingine. Nimeona wateja wangapi wamenunua kwa kosa hilo.

Sasa kuziba. Ndugu yetu wa Likoni amegusa penyewe. Eafoni ya kuingia ndani ni spika ndogo inayosukuma hewa iliyofungiwa. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, hewa iliyomo ni kidogo mno. Kipira kikiziba, utando wa spika ukitikisika kidogo tu ngoma ya sikio inapata habari, sauti nzito inakuja imejaa. Ukiacha mwanya mwembamba kama unywele, sauti nzito yote inatorokea hapo, na mngurumo wa injini unaingilia hapohapo. Mtu anabaki na muziki mwembamba uliofunikwa na gari, anafungulia zaidi, anasema eafoni mbovu. Nimeshapokea eafoni ya bei kubwa kutoka kwa mteja aliyeniambia haina besi kabisa. Nikambadilishia vipira vya elfu mbili. Hakuamini.

Jaribu hivi leo hata kwa hizo za elfu tano. Vaa, weka muziki, halafu zisukume ndani taratibu kwa vidole. Besi ikiongezeka ghafla, ujue hazikuwa zimeziba. Na zivaliwe hivi: mkono wa kushoto pitisha nyuma ya kichwa, vuta sikio la kulia juu na nyuma, hapo tundu linanyooka, ndipo uingize kwa mkono wa kulia huku ukizungusha kidogo. Pia usidhani masikio yako yanalingana. Watu wengi kushoto na kulia hawavai saizi moja, na pakiti inakuja na saizi tatu kwa sababu hiyo. Wengi wanaitupa na vipira vimo.

Tuje kwenye fidla. Nyuzi zake nne zikiwa wazi zinalia Hz (mitikisiko kwa sekunde) 196, 294, 440 na 659. Huo ndio mzizi wa sauti. Lakini kile kinachokuambia hii ni fidla na wala si kinanda, ule mkwaruzo wa upinde, uko juu zaidi, kwenye elfu mbili, elfu tatu, elfu nne. Sikio lenyewe likiwa wazi linakuza sauti za karibu na Hz 3,000 kwa umbo la tundu lake. Ukiziba tundu kwa eafoni unaliharibia kazi hiyo, kwa hiyo mtengenezaji mzuri anairudisha yeye mwenyewe, anainyanyua sehemu hiyo. Mtengenezaji wa zile zilizoandikwa BASS kwa herufi kubwa haendi huko. Anajaza chini, chini ya 300, kwa sababu kwenye kibanda cha simu mteja anazijaribu kwa sekunde ishirini na singeli. Uzi mnene wa fidla unaangukia palepale alipojaza, dumbaki inaumeza. Na mkwaruzo wa upinde haukunyanyuliwa. Ndilo hilo pazia lako, au sehemu yake.

Je, laki nne zinaondoa pazia? Zinaweza. Na elfu hamsini na tano nazo zinaweza, ikiwa mtengenezaji alijua anachokifanya. Kuna mtafiti anaitwa Jeroen Breebaart, mwaka 2017 alichapisha vipimo vya hedifoni 283, za kufunika sikio na za kuingia ndani, za bei mbalimbali, akitafuta kama bei inaendana na jinsi zinavyogawa sauti kati ya nzito na nyembamba. Hakupata uhusiano. Hilo mezani kwangu naliona kila wiki. Miaka hii ya karibuni Wachina wametoa vitu kama Moondrop Chu II na 7Hz Zero:2, vina spika moja ya milimita 10, kwao vinauzwa karibu dola ishirini, na vimepangwa sauti kwa uangalifu ambao zamani hukuupata kwa bei hiyo. Kama za duka lako ni za aina hiyo, muuzaji hajakudanganya sana.

Halafu waya unaochomoka una maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Eafoni kumi zikija mezani kwangu, nane ni waya, na karibu zote zimekatikia pale waya unapoingia kwenye pini. Nikifungua nakuta nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, nyekundu, kijani na za rangi yake, zimesukwa pamoja na uzi wa pamba. Zile rangi ni vanishi. Lehemu haishiki mpaka uichome kwanza kwa ncha ya moto, na ukichoma sana shaba yenyewe inadhoofika na kukatika, unaanza upya. Kazi ya dakika ishirini, nachukua elfu tatu. Kwa eafoni ya elfu tano nani atalipa? Ndiyo maana zinatupwa na spika zake zikiwa nzima kabisa. Yenye waya wa kuchomoka unanunua waya tu.

Na upande ukififia polepole, kabla hujatupa angalia wavu. Mdomoni pana wavu mdogo sana, kama chandarua. Nta ya sikio inauziba. Geuza mdomo utazame chini ili uchafu usidondokee ndani, piga taratibu kwa mswaki laini mkavu. Nimefufua nyingi namna hiyo.

Mwalimu, niambie jambo moja: hilo faili la dakika 41 lina MB ngapi?

Mwalimu wa Mkuranga

Shikamoo Fundi. Ahsante sana, nimesoma mara mbili.

Vya mwenzangu ni vya sponji, na sauti alifungulia yeye. Nimefanya mtihani wa vidole leo asubuhi nikiwa kwenye gari. Kulia palikuwa sawa. Kushoto nilipobonyeza besi ikaja yote kwa mkupuo, nilishtuka. Nimekaa miaka na sikio la kushoto liko wazi. Nilipofika shule nikatafuta vipira vikubwa kwenye droo, nikavipata vya eafoni iliyokufa, kushoto nikaweka kikubwa. Safari ya kurudi nimepunguza sauti hatua tatu kwenye simu, sikuwahi kufanya hivyo.

Fidla bado iko nyuma ya pazia, ila pazia limekuwa jepesi.

Faili lina MB 19.7.

Mgeni wa Matrah

Salaam alaykum nyote. Mie mzaliwa wa Unguja, nipo Maskati mwaka wa kumi na mbili.

Fundi amesema kweli tupu, lakini kuna mahali naogopa watu watamwelewa vibaya, wakaondoka hapa wakidhani ghali na rahisi ni kitu kimoja. Mie ninazo Sennheiser IE 600, nilitoa karibu riali 270. Nilizikusanyia mwaka mzima. Ninazo pia za riali nane, za Kichina, za aina hiyohiyo anayoitaja. Nimezivaa zote mbili kwa miaka miwili, kwa hiyo nieleze nilichokiona.

Usiku, kiyoyozi nimezima, nikisikiliza taarab iliyorekodiwa vizuri, zile ghali zinanipa vitu. Nasikia risha inapougusa uzi wa udi kabla uzi haujalia. Qanuni ikipiga haraka kila uzi unasimama peke yake, haumwagikiani na jirani yake. Mtu ukimzoea unajua amekaa upande gani. Zile za riali nane zinanipa wimbo wote, noti zote, utamu wote, ila hizo chembechembe zinakuwa zimelowana pamoja. Tofauti ipo na mie sijutii.

Sasa nikitoka nikapita pwani ya Matrah na magari yale, au nikapanda basi la kwenda kazini Ruwi, naapa siwezi kuzitofautisha. Nilijipima mwenyewe. Nikawa nazivaa zile za riali nane njiani na ghali naziacha nyumbani, na wala sikupungukiwa na kitu. Njiani kinachokusaidia ni kuziba tu. Ndiyo maana wale Etymotic, watu waliotoka kwenye mambo ya vifaa vya viziwi, walipotoa ER-4 mwaka 1991 waliweka vipira vya tabaka tatu vinavyoingia ndani sana. Niliwahi kuzijaribu za rafiki yangu. Zinaingia mpaka unaogopa, lakini ulimwengu unanyamaza.

Dada, nikuongezee la afya, maana saa tatu kwa siku si mchezo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, zinabaki saa nne tu kwa wiki nzima. Kwa saa tatu za kila siku, ukizifungulia kushindana na injini, saa nne hizo unazimaliza Jumanne asubuhi. Kipira chako cha kushoto kimekuokoa zaidi ya unavyodhani.

La mwisho, na nalisema kwa upole: kaseti iliyorekodiwa kwa maiki moja harusini, eafoni za riali 270 zitakuonesha mvumo wa utepe vizuri zaidi kuliko kitu kingine chochote. Kisichokuwemo hazikileti.

Fundi Redio wa Aggrey

Kaka wa Maskati, umenirekebisha na nimepokea. Sikusema ni sawa, lakini nilivyoandika mtu angeweza kuelewa hivyo. Nikiweka za bei kubwa kwenye kipimo, kushoto na kulia zinalingana zaidi, na maganda yake yanakaa. Hilo nalo ni hela ya haki.

Mwalimu, nilitegemea namba ya namna hiyo. MB 19.7 kwa dakika 41, ukipiga hesabu, ni kilobiti 64 kwa sekunde. Kijana alibana faili ili lisijaze simu. Hakukosea kwa nia mbaya, kwa hotuba ingetosha. Lakini kwa fidla amekata sauti za juu kabisa akazitupa, na mkwaruzo wa upinde umechafuka. Unachosikiliza kimekatwa kabla hakijafika kwenye waya.

Na nina wasiwasi na kitu kikubwa zaidi ya hicho. Redio ya mjomba wako ilikuwa na hedi ya kurekodia, kile kichwa kinachogusa utepe, yenye pembe yake. Hedi ina ufa mwembamba sana unaotakiwa kusimama wima mbele ya utepe. Kama hedi ya mjomba ilikuwa imeinama kidogo na hedi ya mashine ya kijana imeinama upande mwingine, sauti nyembamba zote zinafutika zinaposomwa, na ukizichanganya njia mbili, ya kushoto na ya kulia, kuwa moja zinafutana zaidi. Utepe unakwenda sentimita 4.76 tu kwa sekunde, mawimbi ya sauti nyembamba yamebanana mno humo, kosa dogo la pembe linayamaliza. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo yenye chemchemi. Unaizungusha robo kwa robo huku unasikiliza, na kuna mahali sauti inafunguka kama mtu kafungua dirisha. Pembe inatafutwa kwa kila kaseti kivyake, kwa sababu kila kaseti inaweza kuwa na pembe yake.

Usinunue chochote bado. Njoo Jumamosi na kaseti hiyohiyo. Deki ninayo, hedi nasafisha kwa spiriti kila asubuhi. Azima na eafoni za mwenzako kama atakubali. Za elfu hamsini na tano ninazo za kujaribia mezani. Tutasikiliza zote, faili la zamani na jipya.

Kabla hujaja, usirudishe utepe nyuma kwa haraka huko nyumbani. Tepu za umri huo nyingine sponji yake ya ndani imeshabanduka.

Kivukoni Daima

Jumamosi ikipita utuambie, dada. Mimi mwenyewe nina kaseti za babu za kasida, sikujua hiyo habari ya skrubu.

Mwalimu wa Mkuranga

Wadau, nimerudi. Jumamosi nilikuwa mezani kwa Fundi kuanzia saa nne hadi saa tisa. Nisameheni kwa maelezo marefu.

Mwenzangu alikubali kuniazima zake, nikazibeba kwenye mfuko wa ndani wa mkoba kama yai. Fundi aliniwekea kaseti kwenye deki, akanivalisha za elfu hamsini na tano, akaniambia nifumbe macho na nimwambie sauti ikifunguka. Akaanza kuzungusha ile skrubu. Mwanzoni ilizidi kufifia, akageuza upande mwingine. Halafu ghafla shangwe za watu zikawa na makali, nikasikia bangili za mtu anayepiga makofi. Nikamwambia simama hapo. Akaniambia hata yeye amesimama hapohapo.

Tukarekodi upya, dakika 41 zote bila kubana, faili limekuwa zaidi ya MB 400. Fundi akanipangia sasa kila eafoni na mafaili mawili, akawa anasawazisha sauti yeye ili isiwe juu kwa mojawapo.

Kwa faili la zamani, za laki nne na za elfu hamsini na tano zilikuwa karibu sawa, zote zinanionesha pazia lilelile. Zile zangu za elfu tano zikawa nyuma, besi inafunika. Kwa faili jipya, hata hizo za elfu tano nilimsikia baba. Kwa vipira vilivyoziba, nilimsikia. Sikuwa tayari kwa hilo.

Kati ya za hamsini na tano na laki nne, kwa faili jipya, pale mezani na kelele za Aggrey, sikuweza kuchagua. Fundi alibadilisha mara sita bila kuniambia nimevaa zipi na nilikosea mara tatu. Usiku nyumbani watoto wamelala nikajaribu tena peke yangu. Hapo kaka wa Maskati yuko sahihi. Za mwenzangu zina nafasi fulani kuizunguka fidla, dumbaki haiigusi. Ni kitu kidogo na ni kizuri. Ila usiku mimi huwa nasahihisha madaftari.

Nimenunua za elfu hamsini na tano, kushoto kipira kikubwa, kulia cha kati. Hela iliyobaki katika ile niliyoanza kuiweka itakwenda kwenye kaseti.

Jana nilimvalisha mama. Hajawahi kuvaa eafoni, alizishika kama anashika mdudu, nikamvutia sikio juu na nyuma kama nilivyofundishwa. Dakika ya 17 mwimbaji aliponyamaza, kabla baba hajaanza, zinasikika nyuzi mbili zinaguswa kwa haraka, moja iko chini kidogo ya inavyotakiwa, halafu anaanza tu. Mimi sikuwa nimeelewa ni nini. Mama alisema, "Uzi ule ulikuwa unalegea. Alilalamika usiku kucha kwamba kigingi hakishiki." Akataka nimrudishie hapo, nikamrudishia mara nne.

Fundi, zimebaki 11. Jumamosi nakuja na nne. Mojawapo nikiitikisa kuna kitu kinacheza ndani, nadhani ndiyo hiyo sponji uliyosema. Niilete ilivyo au nisiiguse kabisa mpaka uje uione?

Fundi Redio wa Aggrey

Ilete ilivyo, Mwalimu, ndani ya kasha lake, upande wenye utepe utazame juu. Usiiweke mbele ya gari karibu na kioo, jua la saa nne linaikunja. Nitaihamishia kwenye ganda lingine, maganda yenye skrubu ninayo.

Na mwambie mama aje naye. Kiti kipo.